Sera ya Mteremko

Kila asubuhi, kabla sijawasha kompyuta, huwa namwagilia ua lililo nje ya ofisi ya Mheshimiwa Waziri. Ua lenyewe ni la plastiki, lakini mwongozo wa wizara unataka mimea yote imwagiliwe, na mwongozo haubagui. Asubuhi ile maji hayajafika hata kwenye majani, mlango ukafunguka kwa kishindo, chungwa likapita miguuni mwangu likibingirika, na Mheshimiwa akatoka akilifuata, mguu mmoja na kiatu, mwingine na soksi.

"Msilishike!" alifoka.

Sisi watumishi hatukulishika. Chungwa lilishuka ngazi, likakata kona, likavuka uwanja na kwenda kusimama getini kwenye buti la mlinzi.

"Limetumia lita ngapi?" Mheshimiwa aliniuliza.

"Halijatumia lita, Mheshimiwa."

"Andika hivyo. Taifa limepata mbadala wa mafuta."

Ndivyo ilivyozaliwa Sera ya Mteremko, na ilizaliwa kwa wakati wake. Bei ya petroli ilikuwa imepanda tena usiku wa kuamkia siku ile, wananchi wakiwa wamelala, ili isiwasumbue.

Mimi ni Afisa Ufafanuzi. Mheshimiwa akishasema, kazi yangu ni kueleza alichomaanisha. Mwezi uliotangulia, alipowashauri wenye magari wajifunze kuyafurahia yakiwa yameegeshwa, nilifafanua kwamba alimaanisha utunzaji wa mali. Ni kazi ya heshima, na inamfaa mtu asiyezoea kusema la kwake.

Kamati iliundwa kabla ya chai. Ikabaini kwamba wizara iko juu ya kilima na mji uko chini yake. Kwamba gari likizimwa injini getini kwetu linafika sokoni bila tone. Na kwamba, kwa kuwa kila kilima kina upande wa kushuka, nusu ya mafuta yote tunayoagiza ni anasa.

"Na kupanda je?" aliuliza mtu wa takwimu.

"Kupanda ni awamu ya pili," alijibu mwenyekiti. "Wewe kwa nini unapenda kukatisha watu tamaa?"

Mtu wa takwimu alihamishiwa stoo.

Nyumbani sikupokewa kwa vifijo. Tunaishi chini, watatu: mama, dada yangu mwenye teksi, na mimi. Hospitali kuu iko juu, imepakana ukuta na wizara. Huko ndiko mama anakosafishwa damu, maana figo zake zimechoka. Akikosa siku yake, uso unavimba, pumzi inakuwa fupi, na sisi wawili tunaacha kutazamana usoni. Tangu bei ipande, dada alikuwa ameacha kubeba abiria. Petroli iliyobaki kwenye tangi aliitunza kwa safari moja tu, ya mama.

"Msomi wetu," alinianza, akifuta kioo cha gari kwa kanga kuukuu. "Bosi wako amemaanisha nini? Mama apande kile kilima mgongoni kwa nani?"

"Kuna awamu ya pili, dada."

"Hiyo awamu itamkuta hai?"

"Mwache mdogo wako," mama alisema kutoka ndani. "Ana kazi."

"Kazi anayo, mama. Mdomo ndio hana."

Nilikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Siku ya uzinduzi iliangukia siku ya mama ya kusafishwa damu. Mheshimiwa aliagiza magari yote ya wizara yakamuliwe matangi mpaka yakauke, wasije wapinzani wakasema tumeiba hata tone. Vituo vya mafuta vya mjini vilifungwa na kupambwa riboni, kwa kuwa kazi yao ilikuwa imekwisha.

Dereva wa Mheshimiwa, mzee tunayemwita Taratibu, aligeuka kwenye usukani. "Mheshimiwa, injini ikizimwa breki inakuwa ngumu. Na usukani."

"Ugumu ni wa kipindi cha mpito," alijibu Mheshimiwa. "Achia breki."

Taratibu akaachia.

Sijawahi kuona msafara mzuri kama ule. Magari yote ya wizara yalishuka kimyakimya, moja nyuma ya jingine, mpaka chini. Mheshimiwa alipunga mkono mwanzoni; baadaye alishika dashibodi kwa mikono yote miwili. Gari lake lilisimama ndani ya rundo la magunia ya mkaa sokoni, nami nikafafanua kwa kipaza sauti kwamba hicho ndicho kituo kilichokusudiwa.

Hotuba ilikuwa imefika kwenye "zama mpya" simu ya Mheshimiwa ilipoita. Alisikiliza. Uso ukapauka chini ya vumbi la mkaa.

"Wakubwa wananiita juu kilimani," alimnong'oneza msaidizi wake. "Sasa hivi. Wanapanga upya mawaziri."

Msaidizi alitazama magari ya wizara, yote makavu. Akatazama vituo vya mafuta, vyote na riboni. Vijana wa pikipiki, waliokuwa wamelala juu ya pikipiki zao zisizo na mafuta, walielewa kabla yetu.

"Mheshimiwa, weka gia huru!" mmoja alipiga kelele.

"Subiri awamu ya pili, mzee! Kaa hapa kivulini!"

"Ama tukubingirishe? Ila sisi tunajua kwenda chini tu!"

Soko zima lilicheka. Kisha ikasikika injini. Teksi ya dada yangu ilikuwa inakuja polepole katikati ya watu, na watu wakaipisha, kwa sababu mama alikuwa kiti cha nyuma, paji la uso kwenye kioo, macho ameyafumba.

Msaidizi alisimama mbele ya gari. "Lina mafuta hili?"

"Lina ya mgonjwa," alisema dada.

"Serikali inalihitaji. Teremsheni abiria."

"Huna macho? Basi bosi wako akae hapa mbele na mimi, twende wote."

"Itifaki hairuhusu. Mheshimiwa hachanganywi na abiria, na ana walinzi wake. Mama, shuka kidogo tu."

Mama yangu ni mtu wa kutii. Alifungua mlango mwenyewe, akatoa mguu mmoja uliovimba, akautafutia ardhi. Hakuna aliyecheka tena. Dada alikuwa ameng'ang'ania usukani na machozi yakimtoka kwa hasira.

Manung'uniko yakaanza nyuma. Mheshimiwa, mkono tayari juu ya mlango, aliyasikia akanigeukia. "Binti, wafafanulie wananchi."

Nikainua kipaza sauti. Nilikuwa na sentensi tayari, nzuri, yenye neno "mshikamano" ndani yake. Nikautazama ule mguu. Sentensi ikanipotea.

"Mama," nikasema, na sauti ikafika mpaka maduka ya mwisho, "rudisha mguu ndani. Dada, ondoa gari. Mheshimiwa, toa mkono wako mlangoni. Mama yangu anaumwa. Wewe huumwi. Nenda kwa miguu."