Kikao Kinaendelea

Jirani yangu anadai kampuni ilininunua kwa kiti kimoja cha plastiki. Huo ni uzushi. Kiti niliazimwa tu.

Kiwanda chetu kinatengeneza magodoro, na mfanyakazi haruhusiwi kukaa. Akikaa, atasinzia; asiposinzia, ataongea; na wakishaongea wawili, chama cha wafanyakazi hicho kimeingia. Uongozi umelifanyia utafiti jambo hili. Wifi yangu, tunayeshona naye meza moja, alikuwa na mimba kubwa, miguu imevimba kama mito. Alikutwa amekalia godoro mara mbili. Akaonywa: ya tatu, kazi basi. Ndipo akaanza kusema, "Jamani, tuingieni chama, tudai hata benchi."

Kesho yake Afisa Utumishi, tunayemwita Bwana Utaratibu, alipanda juu ya godoro akatangaza zama mpya.

"Katika kuimarisha ushirikishwaji, uongozi umeunda Chama cha Wafanyakazi Wasiotaka Chama!"

Godoro likamyumbisha. Tukapiga makofi, asione aibu.

Alitaka mwenyekiti mpole, asiye na maswali. Akanichagua mimi niliyeishia shule ya msingi. Nami, kwa kuwa sijawahi kuwa mwenye chochote, nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Nikaletewa kiti. Nilishinda nimekikalia, shingo nimeinyoosha kama napigwa picha ya ukutani. Wifi kasimama pembeni, kaninunia.

"Hongera, mheshimiwa," akasema mwishowe. "Na sisi wenzio tusimame mpaka lini?"

Nikafanya kama viongozi wote wakiulizwa swali. Niliitisha kikao.

"Kikao cha nini?" akauliza Bwana Utaratibu.

"Cha kupinga chama, bosi."

"Safi sana! Wahudhurie wote."

"Wakiwa wamesimama?"

"Dada, wewe umeona wapi kikao cha kusimama? Viti viletwe! Ila akae mwanachama tu. Asiye mwanachama, marufuku."

Wifi alijiunga wa kwanza. Akakaa, akavua viatu, akafumba macho.

Ajenda ya kwanza: je, tunakitaka chama? Ni swali zito. Tunalijadili huku tunashona, na kwa utaratibu wa bosi mwenyewe, kikao hakifungwi mpaka ajenda ziishe. Wifi amejifungua, amerudi kazini, bado tuko ya kwanza.

Jana wakubwa wa Makao Makuu walikuja. Wakakuta wanachama, mwenyekiti na kikao. Wakauliza ni nani aliyeingiza chama kiwandani. Tulimnyooshea kidole Bwana Utaratibu, kwa heshima zote.

Leo ameshushwa kwetu, anakata sponji. Kikao kikishaanza, kuomba uanachama kunaruhusiwa kwenye Mengineyo tu, ajenda ya mwisho. Amesimama tangu asubuhi. Kiatu kimoja ameshakivua kwa siri. Kando ya wifi kuna kiti kitupu.

"Dada," ameninong'oneza. "Samahani, Mwenyekiti. Naomba kukaa."