Kigasha Nilichokisingizia

Jumatatu, 6 Mei
Nimeteleza bafuni. Sabuni, shetani mkubwa wewe! Kigasha cha kulia kimevimba, hata herufi zangu leo zimelewa. Binti yangu kaja mbio, mume wake nyuma. Binti kasema kesho nipigwe picha ya mfupa. Umevunjika? Basi nahamia kwao, na hapa watapangisha. Thubutu! Mzee wangu, baba wa huyu binti, kafia humu. Kiti chake kipo dirishani na kila asubuhi namsalimia. Sihami!
Nimewaambia mkono unaouma ni wa kushoto. Wa kulia nimeuficha ndani ya mtandio. Shule sikumaliza, lakini kichwa ninacho.

Jumanne, 7 Mei
Chumba cha picha: baridi, hakina dirisha. Mpiga picha kijana mwembamba. Nimemuuliza kama mama yake anajua kuwa hali chakula. Kacheka. Kanikalisha ubavuni mwa meza. Bega, kiwiko na kifundo cha mkono vyote usawa mmoja. Kaweka kiherufi cha kuonyesha upande wa kushoto. Kasema, bibi, kiganja kitazame juu. Akatoka, akafunga mlango.
Mimi nikakilaza chini. Ubishi tu.
Hapo nikashikwa kiwiko. Vidole vya baridi, taratibu. Nikadhani karudi kuninyoosha, nikamwambia asante mwanangu. Nikageuka. Hakuna mtu!
Picha ikatoka. Mifupa miwili imepandana kama miguu ya mtu anayestarehe. Kijana kasema ndivyo ilivyo kiganja kikitazama chini, mmoja humlalia mwenzake. Kisha akaisogelea picha. Chini ya kiwiko changu palikuwa na vidole. Mifupa mitupu, na pete. Kaniuliza kwa sauti ndogo nani alinishika. Nikamjibu: si wewe! Kasema yeye alikuwa nyuma ya kioo.
Pete ina pengo upande mmoja. Naijua. Tulimzika mzee wangu nayo.
Akarudia, kiganja juu. Mifupa imelala sambamba, vidole havipo. Ila karibu na kifundo, ufa. Mweusi, dhahiri. Kwenye mkono mzima!

Jumatano, 8 Mei
Nimefungwa plasta kushoto. Ningepinga vipi? Mwenyewe ndiye niliyesema unauma.
Jambo la ajabu: wa kulia hauumi tena. Uvimbe umeyeyuka. Nimeinua ndoo nao. Mchana, mkono wa kushoto ukaanza kuuma, maumivu yaleyale, palepale.
Mzee alipokuwa hai, nikianza kudanganya watu alikuwa ananibana kiwiko kimyakimya. Nimekipigia kelele kiti chake: hata huko huachi? Kiti kikatoa mlio. Kidogo tu, kama mtu anayekaa vizuri.

Ijumaa, 10 Mei
Mkwe kaleta gari na fundi wa kupima madirisha kwa ajili ya wapangaji. Kasema, mama, utapumzika. Nimemwambia aanze kupumzisha mdomo wake. Binti anakunja nguo zangu huku analia. Nimemfuta machozi kwa mkono mzima. Mtoto wangu hana roho mbaya, ana woga tu. Kaniuliza nani angeniokota bafuni. Nikamkemea kwa kukonda.
Kiti kimebaki. Wamesema hakiingii garini.

Jumapili, 12 Mei
Kwa binti. Chumba kizuri, lakini hakinijui. Asubuhi nimesalimia ukuta.
Nimewaza sana. Ufa ulikwenda nilikosema! Basi kumbe rahisi. Kesho daktari kaagiza nirudi kupigwa picha ya kiwiko, ile ya kukikunja na kidole gumba juu. Mlango ukifungwa tu nitatamka wazi: mimi mzima, aliyevunjika ni mkwe wangu. Mkono wa kulia, ule wa usukani. Yeye avae plasta, mimi nirudi kwangu. Sina ubaya naye. Ufa mdogo tu.
Lo! Kiwiko kimebanwa. Sasa hivi, juu ya plasta!
Mzee wangu! Kumbe umenifuata hata bila kiti. Karibu, kaa hapa kitandani. Lakini achia kiwiko, nina kazi kesho.