Vita vya Laini Kule Bofu, na Mtungi wa Rahima

Jerioth, jirani yetu wa mlango wa tatu, anadai kuwa siku ile maji ya Bofu yaliletwa na Lenox. Anadai, na mkono ameuweka kifuani, kwamba Lenox alisimama mbele ya mfereji kama askari wa gwaride, akapuliza kipenga, akanena neno moja la Kizungu, na watu wakanyooka, mitungi ikanyooka, hata kuku wa Mzee Ngowa wakapita mmoja mmoja. "Mwanamume yule ana kichwa," asema Jerioth. "Bila yeye tungeuana."

Basi sogeeni, enyi wenye mitungi mikavu na utosi wenye alama ya kata ya kujitwikia! Sogeeni nanyi mliooga kwa kikombe kimoja mkajiita wasafi. Pindueni ndoo zenu mkazikalie, kwani zina kazi gani nyingine? Sikilizeni habari za vita vya laini, vilivyopiganwa Bofu ya Likoni siku ya Jumanne, baina ya saa tatu na adhuhuri, pasipo damu, ila ukucha mmoja wa mguu. Wala mambo hayakuwa kama asemavyo Jerioth. Jerioth ana sababu zake: Lenox ndiye aliyemsajilia laini ya simu, na tangu hapo, Lenox akipiga chafya, Jerioth ndiye aombaye radhi.

Tumtaje kwanza shujaa. Rahima binti Mbwana, mwenye macho yasiyopepesa, mshika uteo, mpepeta mchele, aliyefika darasa la nane akaambiwa karo imekwisha, akafunga daftari lake bila kelele. Siku ile ulikuwa umetimia mwaka tangu babake azikwe. Nyanyake alikwisha waalika wasomaji wa hitma baada ya alasiri. Mchele upo, nyama ipo, bizari imesagwa. Maji hayakuwapo. Mfereji ulikuwa umenyamaza siku tisa, na nyumba nzima ilikuwa na maji ya kutosha kulowesha kidole. Msikiti una kisima cha watu kutilia udhu, nacho ni cha maji ya chumvi. Lakini wali na chai vilitaka mtungi mmoja uliojaa, nao uwe nyumbani kabla ya adhuhuri. Mtungi mmoja! Falme zimeanguka kwa machache kuliko hayo.

"Mwanangu," nyanyake alimwambia alfajiri, "wasije watu wakamsomea babako, nikawapa tende na aibu."

"Hutawapa aibu, nyanya. Inshallah."

Na sasa tumtaje mwingine, kwa kuwa vita havipiganwi na mtu mmoja. Lenox, karani wa godauni moja upande wa Changamwe, mwenye shati lililopigwa pasi hadi likakata hewa, mbeba faili la kaki ambalo hakuna aliyepata kuona ndani yake. Huyu alikuwa na neno moja la Kizungu alilolipenda kuliko mkewe, nalo ni laini. Neno lile maskini alilitumikisha kama mtumishi wa ndani: lifue, lipike, libebe mtoto, likeshe mlangoni. Kadi ya simu kwake ni laini. Waya wa stima ni laini. Nyumba za kupanga zilizoshikana ukuta kwa ukuta ni laini. Gari la Ukunda lina laini yake. Mkewe akimwambia avunje kuni, hujibu, "Hiyo si laini yangu." Kazi yake ndiyo laini yake. Akitaka kuandikiwa barua fupi, husema, "Nipe laini mbili." Kijana akimsifia msichana barabarani, Lenox hucheka, "Anamtupia laini." Na mtu akimpinga, basi mtu huyo amevuka laini. Asubuhi moja Rahima alimhesabia, kimyakimya, akiwa anaanua nguo: mara kumi na tisa kabla ya chai. Na nguo zenyewe, kwa Lenox, zilikuwa zimeanikwa kwenye laini.

Nyanyake Rahima hakuliweza jambo hili. "Kwetu laini ni mkate wa sinia," alisema. "Huyu mbona neno analitia kila pahali kama chumvi?"

Sasa, yeyote aliyepata kuteka maji Bofu anaijua sheria ya mfereji, ambayo haikuandikwa popote. Mtu huuleta mtungi wake alfajiri, huuweka nyuma ya ule uliotangulia, kisha huenda zake: akapike, akanyonyeshe, akalale. Mtungi unabaki umesimama badala yake. Mtungi ni mtu. Hausogezwi, haurukwi, haupigwi teke. Na kwa kuwa mitungi yote ilizaliwa madumu ya mafuta ya kupikia, yote ni ya manjano, yote imechubuka, yote ni ndugu wa tumbo moja. Kinachoutambulisha mtungi ni pahali ulipowekwa. Ukiuondoa pahali pake, umemfuta mwenyewe.

Asubuhi ile ilipangwa mitungi thelathini na minne. Ilianza mferejini, ikazunguka ukuta wa duka, ikakwepa dimbwi, ikapinda chini ya kivuli cha mwarobaini, kwa sababu jua ni kali hata kwa mitungi. Rahima hakwenda zake. Alikaa kwenye jiwe na uteo wake mapajani, akichagua mawe kwenye mchele wa hitma, jiwe moja baada ya jingine, na kila alipoinua macho aliona.

Saa tatu na nusu, mkokoteni ukaja. Juu yake mitungi mitatu yenye vifuniko vyekundu, vipya. Nyuma yake Lenox, faili kwapani, kipenga shingoni. Akasimama. Akaitazama safu ile iliyopinda, akaona uchungu kama mtu aliyekuta mchoro kwenye ukuta wake.

"Hii ni nini?" akauliza. "Hii ni laini hii?"

Waliokuwapo wa kumjibu walikuwa mitungi na Rahima.

"Laini ni kitu moja kwa moja! Laini haizunguki duka!" Akavua koti. Akaushika mtungi wa kwanza, akauweka kando. Akaushika wa pili. Ole wa siku hiyo! Jemadari yule akaivunja safu yote kwa mikono yake, akaikusanya kama kuni, kisha akaipanga upya, imenyooka, kutoka mferejini hadi mlingoti wa stima, ovyo, ule aliouokota ndio aliouweka. Na mbele kabisa akaiweka ile mitatu yenye vifuniko vyekundu, ati iwe kipimo. Wa mwisho ulimponyoka ukamwangukia mguuni, na hapo ndipo ule ukucha ulipopotea.

"Bwana Lenox," Rahima akasema kutoka jiweni, "umeisogeza mitungi ya watu."

"Nimepanga laini."

"Ilikuwa imepangwa."

Lenox akamtazama, akautazama uteo, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Dada, wewe ulisoma hadi wapi?"

"La nane."

"Basi. Hii ni ya watu wa juu kidogo. Wewe chagua mchele."

Rahima akachagua mchele.

Saa nne na robo, mfereji ukakohoa, ukatema upepo, ukatema kutu, ukatema maji. Na sauti ile ikawatoa watu majumbani upesi kuliko baragumu: wenye unga mikononi, wenye watoto mgongoni, mmoja na povu nusu ya uso. Wakafika, wakatazama, wakaona safu imenyooka kama rula, na hakuna hata mmoja aliyejua wake.

"Wangu uko wapi?" akalia Mueni, mshona nguo, aliyefika kabla ya wote gizani. "Mimi nilikuwa wa kwanza! Aki mimi nilikuwa wa kwanza!"

"Na mimi wa pili, wallahi!"

"Wewe wa pili? Wewe ulinikuta mimi!"

Viwiko vikaanza. Leso zikakazwa viunoni. Mzee Ngowa, mlinzi wa mfereji, mtu asiyependa makelele wala haraka, akaufunga mfereji kwa spana yake. "Sifungui," akasema. "Hadi mjuane."

Lenox akapuliza kipenga, akapanda juu ya mkokoteni wake, akahutubu.

"Wananchi! Mlikuwa na fujo, nimewaletea laini. Ya zamani imekufa, sawa? Tunaanza mpya. Na katika laini yoyote duniani, aliyeipanga anaanza, ndiyo wengine waone mfano."

"Anasema kweli!" akapaza Jerioth. "Mwacheni Bwana Lenox aanze!"

Jua lilikuwa likipanda. Rahima akahesabu: mitungi mitatu ya Lenox, kisha ugomvi, kisha adhuhuri, na wali wa babake haujaona maji. Akauweka uteo juu ya jiwe, akaufunika kwa ukaya wake wa kichwani, akasimama. Kumbukumbu, wewe usiyehitaji karo, msaidie binti Mbwana!

"Mzee Ngowa, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Nipe ruhusa niitaje."

"Taja."

Akaenda kwenye safu, akatazama si mitungi, bali vizibo vyake. "Wa kwanza ni huu, uliozibwa kwa gunzi la mahindi, likavikwa nailoni ya buluu. Ni wa Mueni."

"Ni wangu huo!" Mueni akaukumbatia kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Wa pili, huu uliofungwa kifuniko kwa mshipi wa kuvulia. Ni wa Abubakar wa kahawa. Wa tatu umeungua ubavu, ukazibwa kwa plastiki ya kuyeyusha: wa mamake Carolyne. Wa nne..." Hapo sauti ikashuka kidogo. "Wa nne una kipande cha kikoi cha kijani. Kikoi cha marehemu baba. Ni wangu. Wa tano una utepe wa leso yenye picha ya korosho. Dada Jerioth, ni wako, uliuleta ukiwa unapiga mswaki."

Jerioth akaufuata mtungi wake.

Akaendelea, hakwenda mbio, hakurudi nyuma. Wenye karatasi ya mkate, wenye kitambaa cha sare ya shule, wenye soksi, wenye kizibo cha chupa kisichoenea. Kila uliotajwa, mwenyewe akaitika. Na kila aliyeitika, akaubeba kwa mikono yake hadi kuzunguka duka, kukwepa dimbwi, chini ya mwarobaini. Safu ikarudi kupinda kama ilivyozaliwa. Thelathini na minne. Hakuna aliyepinga, hata yule mwenye povu.

Ikabaki mitatu mbele ya mfereji, yenye vifuniko vyekundu, peke yake kama wageni waliokosea arusi.

"Na hii?" akauliza Mzee Ngowa.

"Hii ilikuja na mkokoteni saa tatu na nusu. Thelathini na minne ilikuwa imekwisha fika."

"Ushahidi!" akanguruma Lenox. "Umeandika wapi? Faili yako iko wapi?"

"Sina faili, Bwana Lenox. Nilikuwa nachagua mchele."

Kicheko kilichotoka hapo kilisikika, wasema, hadi kwenye feri. Mueni alicheka hadi akaketi juu ya mtungi wake. Mzee Ngowa hakucheka; aliichukua ile mitatu, mmoja mmoja, akaipeleka nyuma ya wa thelathini na nne, kisha akafungua mfereji.

Na iwekwe katika tarehe za Bofu, iandikwe kwa mkaa kwenye ukuta wa duka ikiwa wino hakuna: kwamba Jumanne ile, saa tano kasorobo, Rahima binti Mbwana aliuweka mtungi wa nne chini ya mfereji, akateka lita ishirini timilifu, akaziba kwa kikoi cha babake, akajitwisha. Watu wakampisha njia. Mzee Ngowa akaivua kofia yake.

Mfereji ulikauka kwenye mtungi wa thelathini na nne, nao haukujaa.

Rahima alikuwa amekwisha washa moto, mchele umeoshwa, harufu ya bizari imefika barabarani, hatua zilipokuja nyatunyatu mlangoni, moja ikichechemea. Hakugeuka. Nyanyake, kwenye mkeka, akainua macho, akayashusha.

"Hodi. Dada Rahima? Ni mimi Lenox. Nipunguzie lita tano tu." Mwiko ukazunguka sufuriani. "Basi hata jagi. Mama watoto ananingoja." Mwiko ukazunguka. "Kikombe basi, dada, cha kuoshea hiki kidole. Dada Rahima?"