Kamati ya Jekundu na Bluu

Jumatatu, saa nne kamili asubuhi, Idara ya Uratibu wa Mwendo iliutangazia umma, kwa barua yenye mihuri minne, kwamba historia ya usafiri sasa imegawanyika mara mbili: kabla ya barua hiyo na baada yake. Kuanzia robo ijayo ya mwaka, Mkurugenzi angejiendesha mwenyewe kwenda kazini kila siku, kwa gari dogo la kimichezo, ili wananchi waone kwa macho yao kwamba serikali inakimbia. Kilichobaki ni jambo dogo la kitaalamu: kuchagua kati ya magari mawili.

Barua ilibandikwa ubaoni, juu ya tangazo la choo kibovu. Breki aliisoma mara tatu. Huyu ndiye aliyekuwa dereva wa Mkurugenzi kwa miaka kumi na tisa, na jina hilo alipewa na madereva wenzake kwa sababu katika miaka yote hiyo hakuwahi kugonga hata kuku. Mara ya tatu ndipo alipouona mstari wa mwisho, herufi zake ndogo kama sisimizi: "Nafasi ya dereva itafutwa gari likishakabidhiwa. Wizara ikiupitisha mpango huu, idara zote zitaufuata."

"Kumbe mimi ndiye choo kibovu," akasema Breki, akaenda kuyachukua magari. Kazi ni kazi, na hakukuwa na mwingine aliyejua kuendesha.

Aliyaleta moja moja kutoka yadi ya muuzaji. La kwanza lilikuwa jekundu, lina bawa nyuma na ekzosi mbili nene kama mikono ya mbeba mizigo. Ukigusa pedali ya mafuta linaruka. Kwenye kona linashika barabara kama kupe. Lakini springi zake, mama yangu! Ukikanyaga njiti ya kiberiti unajua kichwa chake kiko upande gani. La pili lilikuwa la bluu, nguvu karibu sawa, milango miwili vilevile, ila hili lilipita kwenye mashimo kwa adabu na halikumpigia kelele mtu asiye na kosa. Breki aliyaegesha uani, bega kwa bega, akakabidhi funguo kwa Afisa Ugavi, mwenyekiti wa Kamati ya Ulinganisho.

Kamati ilikuwa na wajumbe kumi na saba. Ilikaa wiki tisa. Katika wiki hizo tisa magari hayakusogea hata hatua moja, na hilo lilikuwa na sababu yake nzuri.

"Mwenyekiti, mbona hamyaendeshi?" Breki aliuliza siku moja, ndoo ya maji mkononi.

"Breki, ndugu yangu, gari likiendeshwa linakuwa limetumika. Sisi tumeagizwa kuchagua gari jipya."

"Basi niulizeni mimi. Nimeshayaendesha yote."

"Wewe hatuwezi kukuuliza. Una maslahi."

"Maslahi gani?"

"Unayajua magari."

Breki akarudi kwenye ndoo yake. Kamati ikaendelea na sayansi. Kipimo cha kasi kilifanywa kwa kuchungulia dashibodi: namba za Jekundu ziliishia mia mbili na sitini, za Bluu mia mbili na arobaini, kwa hiyo Jekundu likaandikwa kuwa na kasi zaidi kwa ishirini. Kwa kipimo cha mashimo, wajumbe wanne wenye miili walipanda juu ya bampa wakarukaruka, huku wa tano akiwa ndani ameshika kikombe cha chai na kueleza anavyojisikia. Kipimo cha foleni ndicho kilichosifiwa kuliko vyote. Wajumbe waliingia garini watatu watatu, wakakaa saa nzima bila kusogea, wakatoka wamenuna. Hilo lilikuwa jaribio pekee lililofanana na ukweli.

Mwishowe ripoti ikatoka, maboksi kumi na moja. Jekundu limeshinda, kwa kuwa rangi yake "inaakisi uharaka wa utendaji," na kwa kuwa Bluu "lina ukimya unaoweza kutafsiriwa kama uvivu."

Usiku wa kuamkia makabidhiano haukuwa na usingizi nyumbani kwa Breki; lakini maneno yenyewe yalisemwa alfajiri, mkewe akiwa tayari kwenye cherehani. Mkewe alikuwa fundi nguo, na ulimi wake ulikata kuliko mkasi wake.

"Vaa hii." Akamrushia suti nyeusi, ile ya harusi, ameipanua kiunoni kwa vidole viwili.

"Mama watoto, naenda kufukuzwa, siendi kuoa."

"Ndiyo maana. Mtu asifukuzwe amevaa kama tambara la kufutia vioo. Watakaokuona wajue wamempoteza nani." Akamnyoosha kola, akapunguza sauti. "Na watoto nitawaambia nini?"

"Waambie baba yao hajagonga kuku."

"Ada hailipwi kwa kuku wazima, mume wangu."

Breki akaichukua suti. Akavaa.

Idarani alimkuta Mkurugenzi tayari, amependeza kwa namna yake: kofia ya michezo, fulana ya mistari, glavu za ngozi zenye matundu ya kupitisha hewa. Safari ya kwanza ilikuwa ya kwenda Wizarani, kikao cha saa tatu, kuutetea mpango mbele ya Katibu Mkuu mpya, mama aliyeteuliwa wiki mbili tu zilizopita. Kanuni ya makabidhiano ilimtaka dereva anayeondoka asindikize safari hiyo na kutia saini kwamba gari limefika. Maboksi ya ripoti hayakuingia kwenye buti, maana buti lote lilikuwa spika. Basi yakapangwa kiti cha mbele, yakafungwa mkanda, na Breki akakunjwa nyuma, magoti yakimsalimia masikio.

"Uko salama huko?" Mkurugenzi akauliza.

"Mpaka hapa, mheshimiwa, ndiyo."

Mkurugenzi alikuwa na leseni tangu ujana wake, na tangu ujana wake hakuwa ameitumia. Walikwenda kwa mruko na breki, mruko na breki. Kila shimo liliingia kupitia tairi, likapanda uti wa mgongo wa Breki, likatokea utosini. Mkurugenzi hakusikia kitu. Alikuwa anatabasamu na kuwapungia watu mkono, na watu walikuwa wanakimbilia kando.

Wakafika langoni.

Mlinzi wa Wizara aliinama, akachungulia. Mbele aliona mtu wa kofia na glavu. Nyuma aliona suti nyeusi na uso wenye mawazo mazito. Akasimama wima, akapiga saluti iliyotikisa vioo, akamlaza dereva juu ya usukani ili kukisukuma kiti mbele, akamvuta Breki nje kwa heshima zote.

"Karibu Mkurugenzi. Wanakusubiri."

"Bwana, mimi si..."

"Najua, umechoka. Ngazi ni hapa." Kisha akageuka. "Wewe dereva, gari kule bandani. Na usiegeshe kwenye kivuli, ni cha wakubwa."

"Mkurugenzi ni mimi!" Mkurugenzi akafoka.

Mlinzi akamtazama kwa huruma. "Kaka, wakurugenzi hukaa nyuma. Nipo lango hili miaka ishirini na mitatu, nasalimu kiti cha nyuma, si sura. Sijawahi kumwona mkurugenzi mwenye glavu."

"Nitapiga simu!"

"Piga."

Akapiga. Katibu muhtasi wa Wizara akamjibu kwa upole kwamba Mkurugenzi ameshaingia kikaoni na kwamba dereva asitumie tena namba hii.

Huko bandani, madereva wa idara zote walikuwa kwenye mabenchi, kila mmoja anasubiri habari ya kikao kinachoamua mkate wake. Waliliona Jekundu likiingia, wakamwona na aliyeshuka. Wao walimtambua mara moja. Miaka yote walikuwa wakimwona amenyoosha kidole, kioo cha gari kikiwa kimeshushwa nusu: sogea, toa gari, haraka. Wakasogeana kumpa nafasi, na mmoja wao, mwenye kipaji cha maneno, akamkaribisha:

"Jana ulitunyoshea, kidole cha dirishani,
leo nawe wasogea, karibu hapa benchini!"

Wakampa na tambara, maana gari la mkubwa halikai na vumbi.

Ndani, Breki alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha ngozi chenye kibao cha cheo. Alinyanyua mkono mara mbili kujieleza. Mara mbili Katibu Mkuu akamwambia zamu yake itafika. Ilipofika, mama yule alivua miwani.

"Nimesoma boksi la kwanza la ripoti yenu, kwenye nakala mliyotuma. Sijaelewa kitu. Niambie kwa maneno ya kawaida. Kwa mtu wa kwenda kazini kila siku, lipi kati ya haya mawili?"

Hilo lilikuwa swali ambalo Breki alilisubiri wiki tisa. Jibu likamtoka kabla ya woga.

"Bluu, mheshimiwa. Jekundu ni zuri, sitaki kulisingizia. Jumapili, barabara tupu, huna haraka na huna mgongo, chukua Jekundu. Lakini kila siku kuna mashimo, kuna foleni, kuna kurudi umechoka. Jekundu ni la kwenda. Bluu ni la kwenda na kurudi."

Mjumbe mmoja aliandika maneno hayo kwenye kiganja.

"Na mmejuaje?"

"Nimeyaendesha. Kamati haikuyaendesha." Breki akawakumbuka madereva wa mabenchini, akasimama. "Mheshimiwa, nimejaribu kusema. Mimi ndiye dereva. Mkurugenzi yuko nje, bandani. Mlinzi amemkataa kwa sababu alikuwa anaendesha."

Wakubwa wote mezani, ambao mpaka hapo walikuwa wamesoma kibao cha cheo tu, wakageuza macho kwa Katibu Mkuu. Yeye akatafuta kwenye makabrasha, akachukua kalamu.

"Kwa hiyo mpango unasema wakurugenzi wote wajiendeshe," akasema polepole, "na anayejiendesha haingii hapa."

"Ndivyo lango linavyosema, mheshimiwa."

"Basi kikao kijacho ningekaa peke yangu na mabanda yamejaa wakurugenzi." Akafikiri kidogo, ilionekana wazo hilo halikumchukiza sana. Kisha akaandika, huku akisoma kwa sauti: "Mpango umekataliwa. Madereva wote wabaki kazini. Ripoti irudishwe idarani, maboksi yote. Ama gari, limeshasajiliwa kwa jina la cheo, kwa hiyo Mkurugenzi atalitumia kila siku kwa miaka mitano, na atakaa nyuma kama utaratibu unavyotaka."

Breki alipofika bandani na karatasi mkononi, madereva waliisoma wakagongana mabega, mmoja akamlilia begani, juu ya suti. Mkurugenzi naye aliisoma, tambara likiwa bado mkononi. Alitazama kiti cha mbele. Maboksi yalikuwa yamefungwa mkanda.

"Breki," akasema taratibu, "si tungeyaweka haya nyuma?"

"Ni nyaraka za serikali, mheshimiwa. Haziruhusiwi kukunjwa." Breki akainamisha kiti cha dereva, akashika mlango kwa adabu ya miaka kumi na tisa. "Karibu. Tanguliza kichwa, miguu itafuata yenyewe."

Mkurugenzi akatanguliza kichwa.

Walipopita langoni, mlinzi aliona goti mbele ya pua na kofia imebanwa kwenye dari. Hapo hakuwa na shaka tena. Akasimama wima, akapiga saluti ya nguvu zote. Mkurugenzi alitaka kuirudisha, lakini mikono ilikuwa chini ya magoti. Na Breki, ambaye hajawahi kugonga hata kuku, akalipitisha Jekundu juu ya tuta bila kugusa breki.