Jino la Kutazamwa

Jumatatu, 2 Juni

Jambo ambalo sijamwambia mtu: jino langu jipya, ambalo nyumba nzima imelisifu tangu juzi, linatoka kama kofia.

Hawajui. Shangazi Evangelina ndiye aliyenipeleka Bukoba na kulipa, kwa kuwa msimu uliopita nilianguka kwenye ngazi yake nikimchumia kahawa, jino likang'oka. Lakini alisinzia kwenye benchi la nje, hakusikia alichosema Daktari Ramadhani. Mimi nilisikia. Bora ningesinzia pia.

Nilidhani kupandikiza jino ni kama kubadilisha balbu. Kumbe. Walipiga picha ya taya. Wakanichoma ganzi, mdomo ukawa wa mtu mwingine. Wakatoboa mfupa. Sikusikia maumivu, nilisikia kelele tu, kama seremala amehamia kichwani. Wakaingiza skrubu ndogo, wakashona fizi. Nikauliza jino liko wapi. Daktari akasema leo tumepanda tu, mfupa unahitaji miezi kadhaa kuishika skrubu, ndipo jino lenyewe lifungwe juu yake. Akaniuliza kama kwetu tuna migomba. Nikasema ipo. Akasema basi sijawahi kuona mtu akipanda mche asubuhi na kurudi jioni na panga kukata mkungu.

Akanipa jino la muda, la kuvaa, lililoshikizwa kwenye kipande cha plastiki. La kutazamwa, alisema, si la kutafunia. Nile uji na ndizi za kupondwa, nisukutue kwa maji ya chumvi.

Nyumbani Mama alinisimamisha mlangoni penye mwanga na kuita majirani. Wakaniuliza kama limeshika. Nikasema limeshika kabisa. Walikuwa wamefurahi sana, ningesema nini?

Jumamosi watu wa Kamuli wanakuja kumposa dada yangu Dusabe. Mchumba wake, Mucyo, ana shangazi anayeitwa Mwalimu Uwiringiyimana, mwenye shule ya chekechea. Anatafuta msichana wa kumsaidia. Nimemaliza kidato cha sita mwezi uliopita na kazi hiyo naitaka kuliko kitu chochote. Watoto wadogo hawanitishi. Watu wazima ndio wanaonitisha. Tatizo ni Prudensia, binti wa shangazi Evangelina. Naye anaitaka, na yeye huongea na yeyote, hata na wapita njia.

Leo Bibi Kantengwa amekata shauri: mimi ndiye nitakayepitisha kikapu cha kahawa ya kutafuna. Mwalimu ataniona kwa karibu. Ila kwetu anayepitisha kikapu huanza yeye, hutafuna punje moja mbele ya wageni, nao wanaisikia ikivunjika. Punje zenyewe ni ngumu kama changarawe.

Wiki ndiyo kwanza inaanza na nimeshachoka.

Jumanne, 3 Juni

Shavu limevimba. Mama anasema ni upepo wa Bukoba.

Prudensia amekuja na muwa. Akauvunja kwa goti, akanipa kipande kinene mbele ya watu wote. Akasema, haya Twize, hebu tuone hilo jino la Bukoba linavyofanya kazi. Nikasema siwezi, nimefunga. Akauliza nimefunga kwa ajili ya nini, nami nikasema kwa ajili ya ndoa ya Dusabe. Sijui neno hilo lilitoka wapi. Lilitoka tu.

Bibi alifuta machozi. Mama akamwambia jirani. Kufika jioni nilikuwa msichana mcha Mungu kuliko wote hapa Ndama, na imeamuliwa kwamba Jumamosi nitaongoza sala. Mimi, ambaye darasani nikiitwa jina nilinyoosha mkono ili nisiitikie.

Tena uji wangu wa mchana wamempa Prudensia. Kwa heshima ya mfungo.

Alhamisi, 5 Juni

Mpango wa kwanza: kulainisha kahawa. Nikachota punje chache, nikaziloweka kwenye chai ya moto, nikaificha sufuria nyuma ya jiko. Punje hazikulainika. Zilinuka. Bibi akaifuata harufu, akauliza ni nani anayepika kahawa ambayo yeye alishaipika na kuikausha kwa mikono yake. Aliyekuwa karibu ni Prudensia. Akagombezwa kwa Kiswahili, halafu kwa Kinyambo, ambacho kwa kugombeza kinafika mbali zaidi. Sikumwonea huruma inavyostahili. Nitaungama baada ya posa.

Mpango wa pili ni bora. Nimekanda unga wa ngano na kahawa ya unga, nikafinyanga punje, nikazikausha juu ya bati. Ukiziangalia ni kahawa kabisa. Ukiziuma ni laini kama kitumbua cha jana. Jumamosi nitazipanga upande wangu wa kikapu, nitachukua moja, nitatafuna polepole na kugonga ulimi ili pasikike mlio. Nimefanya mazoezi mbele ya mbuzi. Hakushuku kitu.

Ijumaa, 6 Juni

Tumemenya ndizi tangu asubuhi. Vidole vyeusi kwa utomvu. Nyuzi za kwenye fizi zinanikuna na siwezi kulalamika, maana jino limeshika kabisa.

Dusabe amenivuta pembeni. Amesema Mwalimu ameshaambiwa habari zangu na anapenda mtu mkweli. Nikasema sawa. Nikaenda kuzihesabu punje za unga.

Jumamosi, 7 Juni

Wageni walikuja wengi kuliko viti. Niliongoza sala. Nadhani Ndama haijawahi kusikia sala fupi hivyo. Bibi aliitikia amina kwa mshangao.

Nikaingia na kikapu, nikapiga magoti mbele ya Mwalimu Uwiringiyimana. Ni mwanamke mrefu mwenye miwani na uso wa kukagua madaftari. Punje zangu zilikuwa salama karibu na dole gumba. Kabla sijachukua, Bibi akanyoosha mikono na kukitikisa kikapu kama anapepeta maharage, ili vumbi lishuke chini wageni wasipewe uchafu.

Punje zote zikachanganyika. Nikatazama ndani. Nilikuwa nimezitengeneza vizuri mno. Hata mimi sikuzitambua.

Prudensia alikuwa mlangoni, ananitazama mdomoni. Nikachagua moja. Nikauma. Ikalia ka. Ilikuwa ya kweli. Jino likatoka nayo, likadondoka kikapuni, juu ya kahawa nyeusi, jeupe kama yai la mjusi.

Mwalimu hakushtuka. Alishusha leso kikapuni kama anayechukua kahawa kwa adabu, akainua punje mbili na jino langu pamoja, akatia vyote kwenye mkoba. Kisha akasema kwa sauti kwamba imevunjika vizuri, ameisikia. Mimi nikaziba mdomo kwa kiganja. Bibi akawaeleza wageni kwamba mjukuu wake ana haya sana.

Kikapu kikaendelea hadi kwa Mzee Theoneste, baba yake Mucyo, ambaye magego yake yameisha siku nyingi. Akapata punje ya unga. Akatafuna. Akatazama dari. Nilimwona Dusabe akikosa ndoa kwa ajili yangu. Mzee akachukua ya pili, akaipapasa kwanza kwa kidole. Halafu ya tatu. Akasema hajatafuna kahawa tangu enzi za ujana wake, na kwamba watu wanaokausha kahawa namna hii ndio wa kuoana nao. Posa ikakubaliwa. Ameomba siku ya harusi tumwandalie kikapu chake peke yake. Bibi amejibu hakuna shida, Twizeyimana atakisimamia.

Baadaye Mwalimu aliniita nyuma ya jiko. Nikamwamkia shikamoo kwa kiganja mdomoni. Akasema, "Marahaba. Toa mkono, mwanangu, nimeshaona." Akanipa jino, limefungwa kwenye leso. Halafu akageuka kuangalia kama kuna mtu, akatia kidole mdomoni mwake, akatoa meno matatu ya mbele. Akanionyesha. Akayarudisha.

Akasema la kwanza lilimdondokea kwenye kikao cha wazazi, akiwa ameshika chaki. Akasema nikaoshe langu, nirudi kwa daktari aangalie kama skrubu haikutikisika, na nianze Jumatatu. Watoto wake wanang'oka meno kila wiki, hawatanishangaa. Ila nisimdanganye, na nisiume kitu. Nikaahidi yote mawili. Nililia kidogo, kwa uchovu zaidi.

Jumanne, 10 Juni

Nipo Kamuli. Jana asubuhi nilipita kwa daktari wa meno wa karibu. Amesema nyuzi ziko mahali pake na skrubu imetulia, nina bahati, nisiijaribu tena.

Kazi naipenda. Watoto hawaniogopi nami siwaogopi. Leo Rukia, mtoto wa mwenye duka la pembeni, aling'oka jino na kulia hadi akapata kwikwi. Nikapiga magoti, nikatoa langu nimwonyeshe kwamba si jambo la ajabu. Darasa zima likakimbilia kwetu. Wakauliza litaota tena? Wakauliza lini? Wananitazama, macho arobaini, wananiamini kabisa. Nikasema Ijumaa. Wakauliza tutajuaje? Nikasema Ijumaa nitatafuna muwa mbele yao.

Mwalimu alikuwa dirishani. Sijui alisikia kiasi gani. Ameniuliza tu kama Ijumaa ninahitaji kitu chochote kutoka sokoni.

Si shida. Muwa ukichemshwa tangu alfajiri lazima ulainike. Nitauchemshia kwenye jiko la nje, Mwalimu akiwa bado kwenye misa ya asubuhi. Ikishindikana, nina unga wa ngano uliobaki na rangi ya kijani ya darasani.

Wewe unayesoma, nakuomba usimwambie mtu. Habari ya Mwalimu na meno yake matatu, hiyo izike kabisa. Kuhusu muwa, nyamaza mpaka Ijumaa ipite.