Kapiteni Umeme Hamwamini Mutu

Jumapili, 6 Julai 2025

Tumecheza tena nyuma ya duka la Tantine Germaine, baada ya misa. Ba Mwewa, mwalimu, ndiye anasimulia: mapango, majoka, hazina. Sisi wengine ni mashujaa, na dadu inaamua nani atapona. Mimi ni Kapiteni Umeme, mwenye upanga. Germaine anarusha mishale. Fidélie ni muganga.

Ba Mwewa ametoa mashauri. Musitengane. Muambiane mipango. Mutunze muganga wenu. Bon. Lakini kwa nini alikuwa ananiangalia mimi tu?

Joka likaniuma. Fidélie akataka kunipa dawa, bure. Bure! Nikakataa. Nikazimia mpaka mwisho wa muchezo. Afadhali.

Jumanne, 8 Julai

Sokoni. Nimemuona Ba Mwewa ananong'ona na Fidélie karibu na meza yangu ya samaki. Nikajificha nyuma ya magunia ya chisense, samaki wadogo wakavu. Nikasikia vizuri: Apollinaire, ndiyo mimi, asijue mbele Jumapili ifike.

Vumbi la samaki likanipigisha chafya. Fidélie akauliza ninatafuta nini pale chini. Nikasema kifungo cha shati. Nilikuwa nimevaa mupira wa timu ya Mazembe, hauna kifungo hata kimoja.

Wanataka kumuua Kapiteni!

Alhamisi, 10 Julai

Nimeenda kwa Germaine kutafuta rafiki wa vita. Amecheka mpaka akaweka chini sufuria ya bukari, ugali wake.

“Papa Apollinaire, ni muchezo. Kama una mashaka, waulize tu.”

Niulize? Ili wajue kama ninajua? Basi na yeye yuko ndani ya njama.

Jumapili, 13 Julai

Nimewatangulia. Mbele ya joka nikatangaza: Kapiteni anamufunga muganga kamba, anamutoa sadaka kwa joka!

Ba Mwewa akauliza kama nina hakika. Nikatupa dadu kwa nguvu. Ikaangukia moja. Kamba ikanifunga miguu mimi mwenyewe. Joka likanimeza, likammeza muganga aliyekuja kunifungua, likamaliza na Germaine. Safari yetu yote tangu mvua za mwaka jana, kwisha.

Fidélie akafuta macho. Ba Mwewa akakusanya dadu polepole.

“Awe, hapana, Apollinaire,” akasema. “Nimehamishwa kwenye shule ya Mununga. Tulikubaliana wewe ndiye utasimulia nyuma yangu. Haukosi hata Jumapili moja. Tulitaka ikuwe furaha ya gafula.”

Mufuko wa dadu akamupa Fidélie. Nilitaka kuomba radhi, nikaondoka. Nimerudi nyumbani kwa njia ya ziwani, nisikutane na mutu. Bukari imelala bila kuguswa.

Jumatatu, 14 Julai

Fidélie amekuja kwenye meza yangu sokoni. Amesema mambo yamekwisha. Jumapili anaanza hadithi mupya, na kiti changu kipo, nilete shujaa mwingine. Akanipa beignet, andazi la moto, akacheka vizuri, akaenda.

Nilifurahi. Kweli, nilifurahi sana, karibu nimukimbilie kumushukuru.

Halafu nikafikiri. Kosa jana, leo amenisamehe? Haraka hivyo? Mutu ambaye nilimutoa sadaka kwa joka?

Shujaa wangu mupya atalala na ngao, viatu na kofia ya chuma. Dawa ya mutu hatakunywa. Na beignet nimempa mbuzi wa jirani kwanza.

Mbuzi anatembea. Anakula. Ananiangalia kama anataka ingine.

Itakuwa ni sumu ya polepole.