Ombi la Mama Asiyetaka Kujulikana

Ijumaa, tarehe 8 Agosti. Migori

Mgongo unauma. Nimeuza ndizi tangu alfajiri, Sabato iko karibu kuingia, lakini hili lazima niandike kwanza. Binti yangu Beverlyne amepiga simu kutoka chuoni. Mtihani wa mwisho alifanya Mei, hilo kila mtu anajua. Wasilojua ni kwamba alama za somo moja hazionekani. Hakuanguka. Zimepotea tu, kama mbuzi. Zisipopatikana kabla orodha ya mahafali haijafungwa, hatavaa joho mwaka huu.

Akaniomba nisimwambie mtu. Akasema nikimtangaza tena makambini, kwenye mikutano ya kanisa, kama mwaka jana, hatanieleza jambo lake lingine mpaka nizeeke. Nikamwambia nimeshazeeka. Hakucheka.

Mwaka jana nilisema tu kwamba amepata kijana mzuri. Ningejuaje kwamba kijana mwenyewe alikuwa ameketi safu ya tatu, na bado hajaambiwa?

Nimeapa. Baba Beverlyne alikuwa pembeni anashona soli ya kiatu. Akasema, "Priscah, mdomo wako una miguu." Mwanamume huyu huongea mara moja kwa wiki, na wiki hii amechagua hilo.

Jumapili, tarehe 10 Agosti. Homa Bay

Makambi yameanza. Nimefika na godoro, sufuria na mikungu miwili. Wamama tunalala darasani, kwenye simiti. Mwili huu si wa simiti tena.

Mchungaji ameniuliza barua ya kuhamisha ushirika. Miaka mitatu tangu tuhamie Migori na jina langu bado liko kwenye kitabu cha Homa Bay. Nikasema barua iko njiani. Ukweli ni kwamba Migori hakuna anayenijua. Kujisifu kunataka watu waliokuona ukiwa chini. Hawa wa Homa Bay waliniona nikitembeza ndizi stendi, Beverlyne mgongoni, analia, na mimi nalia. Hawa ndio wanaopaswa kusikia.

Benta amefika. Ni mama yake Tony, anauza omena, wale dagaa wa ziwani, rafiki yangu wa miaka ishirini. Tony na Beverlyne wamesoma pamoja tangu shule ya msingi mpaka chuo, mambo ya samaki na maji. Kila makambi mimi na Benta tunapimana watoto, na makambi yaliyopita tuliachana bila kuagana vizuri. Leo akaniita mama Beverlyne kwa Kijaluo, akasema, "Min Beverlyne, umekonda ama ni nguo?" Nikamwambia ni nguo.

Jumatatu, tarehe 11 Agosti

Sikulala. Mtu fulani anakoroma kama injini ya boti. Nikapata muda wa kufikiri.

Niliapa kutosema lolote kuhusu kumaliza chuo. Kuhusu safari sikuapa. Na huu ulikuwa mwaka wa safari. Miezi miwili Muhuru Bay akihesabu mitumbwi na kupima omena. Mwezi mmoja Karungu. Takawiri, kisiwa ambacho wazungu hulipa ndio walale, na yeye alilala bure kwa mama mmoja mvuvi. Kisha Mwanza. Kisha Kigali siku tatu, mkutano wa wanafunzi. Alienda kwa basi, lakini anasema njiani waliona ndege nyingi.

Marafiki zangu hawajasikia hata moja. Kuwanyima habari za mwaka mzima ni uchoyo. Kesho kuna kipindi cha ushuhuda. Nitashuhudia safari peke yake.

Jumanne, tarehe 12 Agosti

Nimeaibika kidogo.

Lynnet, kiongozi wa wamama, ametoa dakika mbili kwa kila mtu, na amenunua kengele. Dakika ya kwanza nikasalimia. Huwezi kusimama mbele ya watu wa Mungu ukaanza tu kama mpiga mgambo wa soko. Kengele ililia Beverlyne akiwa bado Muhuru Bay. Nikaomba dakika nyingine nimfikishe Karungu. Lynnet akasema Mungu anajua mengine. Nikamjibu kwamba Mungu anajua, ni hawa ambao hawajui. Watu wakacheka. Nikakaa.

Benta akasimama baada yangu. Sekunde ishirini tu. Akasema Tony amemaliza chuo, akafuta jicho, akaketi. Makofi mpaka nje.

Kisha jikoni wakaniuliza, na wako je, amemaliza? Nikasema tunamwachia Mungu. Wakanitazama vile mtu hutazama mgonjwa. Mmoja akanishika bega. Nimechoka kushikwa bega.

Jumatano, tarehe 13 Agosti

Nimekaa siku nzima na ile huruma yao. Ni nzito kuliko mkungu.

Lakini karibu na mimbari kuna kisanduku cha maombi. Unaandika karatasi bila jina, mzee wa kanisa anaisoma, watu wote wanaomba. Sasa, kuomba si kutangaza. Na mtoto mwenyewe ana shida ya kweli. Mama gani atamnyima mtoto wake maombi ya watu mia nne kwa sababu ya aibu ndogo?

Nimeandika kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usijulikane. Nimeandika hivi:

"Mama mmoja, jina tuache, anaomba mumkumbuke binti yake wa kwanza, aliyekaa Muhuru Bay miezi miwili na Karungu mmoja, akalala Takawiri, akavuka hadi Mwanza, akafika Kigali kwenye mkutano wa watu wenye akili, na sasa amemaliza chuo, ila alama za somo moja zimepotea. Mama huyu huuza ndizi safi, lakini hilo si ombi."

Nikasubiri wengine waende chakula, nikaitumbukiza. Moyo mwepesi. Nimekula sahani mbili.

Alhamisi, tarehe 14 Agosti

Mzee Mayaka ndiye aliyesoma. Ana sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Karatasi kumi za kwanza zilikuwa homa, waume, kesi ya shamba. Kisha yangu. Mkono wa kushoto ulimsumbua, akaigeuza, akavua miwani, akavaa tena. Akaanza. Muhuru Bay, vizuri. Karungu, vizuri. Halafu akaruka moja kwa moja mpaka Mwanza.

Nilijizuia. Mungu ni shahidi, nilijizuia kwa pumzi tatu. Kisha nikasikia mtu anasema, "Mzee, umeacha Takawiri."

Ilikuwa sauti yangu.

Watu mia nne wakageuka. Mzee Mayaka akanishukuru, akarudi nyuma, akasoma Takawiri, akaendelea mpaka ndizi. Akamaliza kwa kusema tumwombee mama huyu asiyetaka kujulikana. Alisema akinitazama. Wakaomba kwa nguvu sana. Niliinama mpaka shingo ikauma.

Ijumaa, tarehe 15 Agosti

Kijana mmoja wa kambini alirekodi video kwa simu, akaisambaza mtandaoni. Beverlyne ameiona kabla ya chai.

Alipiga. Nilikuwa nimetayarisha utetezi: kwamba sikutaja jina, kwamba ni maombi. Hakuniuliza chochote. Akasema, "Sawa, mama." Akakata. Angepiga kelele ningejua pa kushika. "Sawa" haina mpini.

Mchana nikajificha nyuma ya jiko namenya viazi. Benta akaja na kisu chake, akaketi. Tukamenya muda mrefu. Nikajua anatafuta neno la kunimaliza nalo. Kisha nikaona machozi yanaanguka kwenye sufuria. Akasema alama za Tony pia hazipo. Somo lile lile. Amejua tangu Julai. Siku ile ya ushuhuda alisimama akasema amemaliza kwa sababu alikuwa amechoka kuulizwa, na usiku hakulala kwa kusema nusu ya ukweli mbele ya kanisa.

Nikamuuliza, sasa ni wewe unayekoroma ama si wewe? Akasema kama hakulala atakoromaje. Tukacheka mpaka Lynnet akaja kuuliza kama viazi vimeisha.

Mtu akiwa na shida peke yake ni aibu. Wakiwa wawili ni darasa zima. Nikamwambia ajulishe Tony, Tony na Beverlyne waende idarani pamoja, wawatafute na wenzao.

Jumatano, tarehe 27 Agosti. Migori

Siku kumi na mbili. Beverlyne hupiga simu kwa baba yake. Anauliza afya yangu kwa baba yake. Mimi nimesimama hapo hapo, baba yake ananitazama, anasema yuko sawa. Nimejaribu kumtumia picha ya ndizi. Aliona, hakujibu.

Nyumba ina watu wawili na mmoja wao huongea mara moja kwa wiki.

Jumatatu, tarehe 8 Septemba

Simu sokoni. Benta. Anasema, hongera nyaminwa, dada yangu, majina yametoka, wote wawili wamo. Mwalimu alikuwa ameacha mitihani ya darasa zima kwenye buti ya gari, chini ya gunia la mbolea. Nikaketi juu ya mkungu wa mteja.

Nikamuuliza, Tony ndiye aliyekuambia? Akasema hapana, Beverlyne ndiye aliyempigia, jana jioni.

Jana jioni. Mimi jana jioni nilikuwa hapa na simu mkononi, ina chaji, ina mtandao.

Nikamshukuru Benta. Nikamuuzia yule mteja ndizi zilizobonyea kwa nusu bei. Furaha na uchungu vimekaa kiti kimoja na hakuna anayetaka kusonga.

Jumamosi, tarehe 13 Septemba. Sabato imetoka

Amekuja. Nilikuwa sijui kama anakuja. Nilijifanya sijui habari, nikamuuliza vipi mambo ya alama. Akasema, "Mama, acha. Najua Benta alikuambia saa mbili asubuhi, na saa mbili na nusu Lynnet alinitumia pongezi."

Nikamwambia tu kwamba aliniumiza kumwambia Benta kwanza. Akasema Benta huuliza anaendeleaje, mimi huuliza ameenda wapi. Baba yake akakohoa. Baadaye nikamuuliza, Beverlyne, unaendeleaje? Akalia kama mtoto wa stendi. Amechoka mwaka mzima, anasema, hizo safari zote ninazotaja zilikuwa njaa na kulala na viatu. Nikampikia matoke, akala, akalala mapajani mwangu, mzigo mkubwa, miguu ikafa ganzi. Sikusogea.

Akanipa kadi mbili za mahafali. Mimi na baba yake, basi. Hakuna watu, hakuna nyimbo, hakuna maua ya kung'aa shingoni. Anataka siku moja ya kimya na wazazi wake. Nikaapa.

Jumatano, tarehe 17 Septemba

Nimetafakari sana lile neno, kuuliza anaendeleaje. Limenibadilisha. Nimewapigia marafiki wote kuwaeleza jinsi lilivyonibadilisha, na ilinibidi kuanzia Muhuru Bay ndio waelewe.

Pia kuna jambo dogo. Jeff fundi wa nguo amepima wamama kumi na mmoja. Kitenge cha njano, kichwa mpaka mguu, Benta ndiye wa mbele. Kadi hawana, kwa hivyo hawataingia. Watasimama tu nje ya geti la chuo, kimya kabisa, mpaka Beverlyne atoke.